Wote Wamepanda? Kwaheri ya Mgeuza Ufunguo

Leo Ijumaa, tarehe 14 Aprili 1978, Ndugu Yevsey Nikanorovich Dolgikh anatimiza miaka sitini ya umri na miaka ishirini na mmoja ya utumishi katika uwanja wetu wa kurushia roketi. Kuanzia jioni hii anastaafu. Uwanja wenyewe siutaji jina, kwa sababu mnazozijua, na pia kwa sababu mhariri wa gazeti letu la ukutani ana kalamu nyekundu isiyochoka.

Kwa ndugu waliojiunga nasi juzi juzi, naomba nieleze kazi aliyokuwa akiifanya. Chini ya nyika hii, si mbali na roketi, kuna handaki la zege. Humo ndani kuna meza ya vyuma, na juu ya meza kuna tundu la ufunguo. Amri ikitolewa, mtu mmoja huugeuza ufunguo ule, na mitambo huanza kufanya yake: mabomba yanafungwa, matangi yanajazwa shinikizo, moto unawashwa, na safari inaanza. Mtu huyo mmoja ndiye Yevsey Nikanorovich. Kila binadamu aliyewahi kupaa kutoka kwenye uwanja huu alitoka mkononi mwake.

Na hajawahi kuona hata roketi moja ikipaa.

Msicheke. Meza yake imeelekezwa ukutani, na ukuta wenyewe ni zege tupu lililopakwa rangi ya kijani ya hospitali. Anayeona ni mimi. Mimi ni mtu wa periskopu, ile darubini ya bomba inayochungulia juu ya ardhi, na kazi yangu ni kutazama na kutangaza. Yeye akishageuza ufunguo huweka viganja magotini, akatulia na kuisikiliza sakafu. Sakafu huanza kutetemeka, meno yakagongana, vumbi likashuka kutoka darini, kisha kimya. Kwake yeye, hivyo ndivyo binadamu wanavyokwenda angani.

Alitufikia masika ya mwaka 1957 kutoka Saratov, alikokuwa fundi umeme wa tramu, yale magari ya umeme ya abiria yapitayo relini mjini. Siku zile mji wetu ulikuwa mabehewa yaliyoachwa relini, upepo, na mchanga ndani ya chai. Sote tulilalamika. Yevsey Nikanorovich aliteremka na sanduku moja la mbao, akatazama nyika iliyojaa maua mekundu ya tulipu mpaka mwisho wa macho, akasema: "Kumbe wametuleta bustanini, halafu mnanuna." Wiki mbili baadaye jua lilikuwa limeziunguza tulipu zote, na yeye hakuyafuta maneno yake. Alisema tu kwamba bustani imelala.

Kutoka kwenye tramu alikuja na tabia moja, na tabia hiyo ndiyo inayonifanya niandike haya yote. Tramu haiondoki mpaka aliye mbele aulize kama wote wamepanda. Basi siku ya kwanza kuketi mbele ya ile meza, roketi ikiwa na setilaiti tu ndani yake, mpira wa bati usio na roho, amri ikatoka, "Ufunguo!" Naye akageuza shingo, akauliza kwa sauti ya kituoni: "Wote wamepanda?"

Handaki zima likaangua kicheko. Kanali Lubenets, mkuu wetu wa urushaji, ambaye kucheka kwake ni jambo la kuandikwa kwenye historia, alikohoa ndani ya kofia. Kuanzia siku ile aliuliza kila mara, na kila mara mmoja wetu alimjibu: "Wamepanda, Yevsey Nikanorovich, twende!" Ilikuwa mzaha wetu wa nyumbani.

Kisha tukaanza kurusha watu, na mzaha ukaisha utamu.

Sikumbuki ni nani aliyemwambia rubani wa kwanza kwamba chini ya ardhi kuna mzee wa tramu anayeuliza. Ninachokumbuka ni kwamba Yevsey Nikanorovich aliuliza kama kawaida, lakini safari hii kwa sauti ya chini, na kabla hatujafumbua kinywa, kipaza sauti kikakoroma, na yule kijana aliyekaa peke yake juu ya tani zote zile za mafuta akajibu: "Nimepanda, Yevsey Nikanorovich. Twende." Hapo tena hakucheka mtu. Mimi machozi yalinitoka kwenye kioo cha periskopu, nikalazimika kukifuta kwa mkono wa shati, na kanuni inakataza kukifuta kwa mkono wa shati.

Kuna safari moja ambayo wazee wa handaki wanaijua na vijana wameisikia imetiwa chumvi. Naisimulia bila chumvi, kwa kuwa nilikuwepo.

Mnajua sisi watu wa hapa tulivyo. Mtu akisafiri, wote, anayekwenda na wanaobaki, huketi kimya kidogo kabla mlango haujafunguliwa. Tunafanya hivyo nyumbani, tunafanya kwenye behewa, na handakini tulifanya pia, ingawa hakuna waraka wowote ulioagiza hivyo. Rubani amefungiwa juu, amekaa tayari. Sisi chini tunaketi dakika moja. Yevsey Nikanorovich, aliyekuwa amekaa tangu asubuhi, tulikuwa tukimwambia: "Simama kwanza, ukae upya kama msafiri!" Naye husimama, akajinyoosha, akakaa upya.

Siku ile rubani alikuwa Demyan Korsak, na handaki lilikuwa limejaa wageni kutoka mji mkuu. Kila mmoja alitaka kusema baadaye kwamba alikuwepo. Viti vilikwisha. Dakika ya kuketi ikafika, na hakuna Mrusi, awe profesa au mfagiaji, atakayethubutu kusimama dakika ile. Watu wakakaa sakafuni, wakakaa kwenye ndoo za mchanga, wakakaa kwenye mapaja ya wenzao. Mgeni mmoja kutoka wizarani, mtu wa kilo nyingi na cheo kikubwa, alitazama huku na huku, akaona kabati fupi la chuma pembeni, akalikalia. Lilikuwa kabati la swichi za mawasiliano. Mwili wake ukaibonyeza swichi ya sauti ya rubani, sauti ikakatika. Hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe ndiye aliyejua kidogo kuliko wote, maana koti lake la manyoya lilikuwa nene.

Dakika ikaisha. Wengine tukainuka. Mgeni, aliyeona kiti chake ni kizuri, akabaki.

"Ufunguo!" akaamuru Kanali Lubenets.

"Wote wamepanda?" akauliza Yevsey Nikanorovich.

Kipaza sauti kimya. Akauliza tena. Kimya.

"Ni kipaza sauti kimekufa," Kanali akasema. "Taa zote za kijani, muda unatuponyoka. Geuza."

"Abiria hajajibu, Ndugu Kanali."

"Taa zimejibu!"

"Taa hazipandi, Ndugu Kanali. Kapanda mtu."

Wageni wakatazamana. Shingo ya Kanali ikawa nyekundu kama kiazisukari. "Wewe ni nani hapa, kondakta wa tramu?"

"Fundi umeme wa tramu. Kondakta alikuwa mke wangu."

Akautoa ufunguo tunduni, akautia mfuko wa kifuani, akafunga kifungo cha mfuko. Kisha akaweka viganja magotini, kama afanyavyo akishamaliza kazi. Jamani, nimeishi miaka mingi na sijaona kitu cha kutisha kama kile kifungo. Watu walipelekwa mbali sana kwa makosa madogo kuliko lile. Mimi nilibaki nimeganda kwenye periskopu, jicho moja kwa roketi na jingine kwa rafiki yangu, nikiomba hata sijui namuomba nani.

Kilichotuokoa ni udadisi. Mgeni wetu wa wizarani alitaka kumwona vizuri huyo mtu anayembishia kanali, akainuka polepole kutoka kwenye kabati. Hapo hapo kipaza sauti kikalipuka: "...nasema kwa mara ya kumi! Bomba la hewa la suti limejikunja, silifikii, hewa inaingia kidogo kidogo! Jamani, mko hai huko chini au mmeenda kula?"

Safari ilisimamishwa. Mafundi walipanda na lifti, wakafungua, wakalinyoosha bomba, wakafunga. Kanali Lubenets alikaa kwenye ndoo ya mchanga, amevua kofia. Amri ilipotoka tena, Yevsey Nikanorovich alifungua kifungo cha mfuko, akarudisha ufunguo tunduni, akauliza swali lake. Korsak akajibu: "Nimepanda, baba. Na sasa napumua." Ndipo akageuza.

Korsak alizunguka dunia, akarudi, akatua kwenye shamba la viazi ambako wanawake wa pale walimlisha mpaka daktari akakasirika. Siku aliyofika kwetu kutusalimu, hakwenda kwanza kwa Kanali. Alishuka ngazi za handaki, akatoa mfukoni tiketi ya tramu aliyokuwa ameibeba safari nzima ndani ya suti, akamwambia Yevsey Nikanorovich: "Kondakta, naomba unitobolee." Ilitobolewa kwa bisibisi. Tiketi hiyo imo hadi leo ndani ya kofia ya mstaafu wetu, na mkimwomba vizuri baada ya glasi ya pili atawaonyesha.

Mambo mawili yalizaliwa siku ile. La kwanza, jibu la rubani liliingizwa rasmi kwenye utaratibu wa urushaji: bila sauti ya mtu, ufunguo haugeuzwi. Waliliandika kwa maneno marefu ya kiofisi, lakini sisi tunajua ni swali la tramu ya Saratov. La pili, Kanali aliagiza seremala atengeneze benchi refu kwa mbao za makasha ya vipuri, ili asiwepo tena mtu wa kukalia makabati. Ndilo benchi letu la safari. Lina misumari minane iliyochomoza na kila mmoja wetu anajua upi ni wake.

Msidhani mstaafu wetu ni mtu wa huzuni kwa kukosa kuona. Baada ya kila safari, vumbi likishatulia, husogeza kiti karibu nami, akamimina chai kutoka kwenye chupa yake, akakata mkate mweusi na tango la chumvi, akasema: "Haya, Averyan. Nisimulie." Nami humsimulia. Namwambia jinsi barafu inavyobanduka mwilini mwa roketi na kuanguka vipande vipande bila haraka. Namwambia jinsi mvuke mweupe unavyolala miguuni pake, na jinsi nguzo zinazoishika zinavyofunguka zote kwa pamoja, kama mikono ya mama anayemwachia mtoto ajaribu hatua ya kwanza. Halafu inainuka. Polepole, polepole mno, mpaka mtu unataka kuisukuma. Halafu inatoka kwenye kioo changu.

"Halafu?" huuliza.

"Halafu sijui, ndugu yangu. Kioo kinaishia hapo."

Hapo sote wawili hula tango. Hiyo sehemu iliyobaki, kuanzia pale kioo kinapoishia, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

Mkewe, Pelageya Trofimovna, anasema kwamba mumewe akilala mchana huota. Na katika ndoto hiyo, kinachopaa ni tramu. Inapanda taratibu juu ya nyika, taa zikiwaka madirishani, abiria wameshika mikanda, mwingine anasoma gazeti, na hakuna anayeanguka. Kengele inalia mara moja, inapita juu ya mawingu. Yeye amesimama kituoni chini, shingo imepinda, anaitazama mpaka inakuwa nukta. "Anaamka anatabasamu kama mtoto," anasema Pelageya Trofimovna, "halafu anauliza viatu vyake viko wapi, anakwenda kazini kutazama ukuta."

Si kwamba hakujaribu. Mara moja alipewa ruhusa wakati wa setilaiti. Alivaa suti ya harusi, akaenda kwenye jukwaa la watazamaji, na ukungu ukashuka mzito kiasi kwamba hakuona hata kofia yake mwenyewe. Alisikia ngurumo ikimpita kichwani, akarudi, akasema: "Ni kama handakini, ila baridi zaidi." Mara nyingine Kanali mwenyewe alimwambia apande juu atazame, naibu atageuza. Kulikuwa na marubani wawili ndani. Alivaa koti, akafika mlangoni, akasimama. "Atauliza nani?" Naibu, Lev Arsenyevich, akamwambia atauliza yeye. "Utasahau," akajibu, akavua koti. Lev Arsenyevich alinuna mwezi mzima. Leo Lev anauliza vizuri kuliko sisi wote, na aliyemfundisha mnamjua.

Kwa hiyo mwaka huu tulipanga. Safari ya mwisho kabla ya kustaafu kwake iliwekwa Jumatano, tarehe kumi na mbili. Lev angegeuza. Kibali cha jukwaani kilitiwa saini. Yevsey Nikanorovich alikubali, safari hii bila kubisha. Tulimwona akijinunulia miwani mipya. Alimwuliza daktari kama mtu anaweza kutazama moto ule bila kupepesa macho.

Jumanne wakagundua ufa mdogo kwenye bomba la pampu. Safari ikasogezwa mpaka kesho, Jumamosi, saa tisa alasiri.

Nanyi mnaijua ofisi yetu ya ulinzi. Mstaafu si mtumishi, na asiye mtumishi haingii. Kadi yake inakufa leo usiku. Tulibisha, tulibembeleza, Pelageya Trofimovna alipeleka pai ya kabichi. Pai ilipokelewa, ombi likakataliwa. Jana aliitayarisha kadi ya kurudisha, akaifuta mpaka ikang'aa, akashuka ngazi, akakaa karibu nami. Akamimina chai.

"Basi, Averyan," akasema. "Hata hii utanisimulia."

Sitaki kuisikia sentensi hiyo tena maisha yangu yote.

Yevsey Nikanorovich, mpaka mstari huu hujui ninachotaka kukuambia, na nimemwomba anayetusomea haya kwa sauti jioni hii asome polepole ili nikuone uso. Nje ya ua wetu, upande wa machweo, kuna kilima cha Zhaksybek, mfugaji wa ngamia. Amekuwa akiishi pale tangu kabla yetu. Hana kadi, hana kibali, hajui hata tofauti ya oksijeni na mafuta ya taa, na roketi zote zilizopaa hapa ameziona bure, tangu ya kwanza, kutoka mlangoni mwa hema lake. Tulipomweleza habari yako alishika kichwa. "Yaani yeye ndiye anazituma, na hajawahi kuziona? Na mimi nimekuwa nikiwalalamikia kwamba zinashtua ngamia! Mleteni. Akae hata mwezi."

Kilima hakimo ndani ya ua. Ofisi ya ulinzi haina la kusema juu yake, nasi tumehakikisha. Kesho saa saba lori litakuja mlangoni kwenu, nawe utapanda na mama Pelageya. Ukifika juu utakuta tulipu zimechanua, maana bustani yako imeamka wiki hii. Utakuta maziwa ya ngamia yaliyochachuka, ambayo nakushauri uyanywe kwa adabu. Na utakuta benchi letu la safari, misumari yote minane. Kulitoa handakini kulihitaji saini ya Kanali Lubenets, naye aliliandika kama chombo cha urushaji kinachopelekwa nje kwa majaribio. Akasaini, akaniambia bila kunitazama: "Mwambie fundi wa tramu kwamba kondakta alikuwa yeye."

Sisi tutakaokuwa chini, dakika ya kuketi ikifika, tutakaa sakafuni. Kabati la swichi tumelifunga kwa kamba.

Kisha Lev Arsenyevich ataweka ufunguo tunduni na kuuliza swali lako. Marubani watajibu. Lakini nimemwomba asigeuze hapo hapo, amenikubalia, na marubani wamekubali pia. Mimi nitaizungusha periskopu kwanza kuelekea machweo, mpaka kwenye kilima. Nikiona benchi, na juu ya benchi mtu wa miaka sitini amevaa suti ya harusi na miwani mipya, nitatangaza kwa sauti ya kituoni: wote wamepanda. Bila hivyo roketi haiondoki. Umetufundisha wewe.

Asante kwa miaka ishirini na mmoja. Asante kwa kila aliyerudi nyumbani kwa mama yake. Asante kwa kile kifungo cha mfuko. Tunakutakia wewe na Pelageya Trofimovna afya, usingizi wa mchana usiokatizwa, na uzee mwema, mrefu na wenye madirisha mengi.

Jioni ya kesho nitakuja kwenu na mkate na matango. Chai utamimina wewe, kama siku zote. Ila safari hii nitakaa mimi kimya, na wewe utaanzia pale kioo changu kinapoishia.

Haya, Yevsey. Nisimulie.

Averyan Stepanovich Muravin,
mtu wa periskopu